Nembo ya Wimbi na Mlima: Jina Limebaki, Wenyewe Wamekwenda

Mwezi wa Februari mwaka 2025 kampuni moja ya Marekani iitwayo Liberated Brands ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake, na papo hapo ikatangaza kwamba itayafunga maduka yake yote nchini humo, ambayo idadi yake ilizidi mia moja. Wafanyakazi wapatao 1,400 walipoteza kazi. Juu ya milango ya maduka hayo yalikuwa yameandikwa majina ambayo vijana wa miji mingi ya dunia wanayafahamu: Quiksilver, Billabong, Volcom. Aliyeisoma habari hiyo kwa haraka alidhani kwamba majina yenyewe yamekufa. Hayakufa. Kampuni inayoyamiliki, Authentic Brands Group ya New York, haikufilisika wala haikutikisika. Iliyakabidhi majina hayo kwa wapangaji wengine, kama afanyavyo mwenye nyumba aliyehamwa na mpangaji asiyeweza kulipa kodi.

Jambo hilo lastahili kutazamwa kwa makini. Imewezekanaje jina la nguo liendelee kunenepa, ilhali watu walioziuza nguo hizo wako barabarani wakitafuta kazi? Ili kulijibu swali hilo, hapana budi turudi nyuma zaidi ya miaka hamsini, tuishike njia ya nembo moja tangu ilikozaliwa. Nimeichagua Quiksilver, maana miongoni mwa kampuni za mavazi ya wapanda mawimbi na wapanda mbao za magurudumu ndiyo iliyotangulia kukua sana, na ndiyo iliyoanguka kwa kishindo kikubwa zaidi.

Torquay ni mji mdogo wa pwani katika jimbo la Victoria, kusini mwa Australia, mwendo wa kilomita mia moja hivi kutoka Melbourne. Karibu yake ipo pwani ya Bells, ambako tangu mwanzo wa miaka ya 1960 vijana hukusanyika wakati wa Pasaka kushindana katika mchezo wa kupanda mawimbi kwa ubao. Maji ya huko ni ya baridi, kwani bahari ile imefunguka kuelekea barafu ya ncha ya kusini. Mwaka 1969 vijana wawili, Doug Warbrick na Brian Singer, walianzisha kampuni ya Rip Curl katika mji huo, wakitengeneza mbao za kupandia mawimbi na baadaye mavazi ya mpira yanayombana mtu mwili asishikwe na baridi majini. Mwaka huo huo mwenzao Alan Green, akisaidiana na John Law, alianzisha shughuli yake mwenyewe, ikaitwa Quiksilver. Jina hilo ni neno la Kiingereza la zebaki, lililopunguzwa herufi moja. Kila aliyewahi kuvunja kipimajoto anajua tabia ya zebaki: ni nzito, inang'aa, na ukitaka kuishika kwa vidole inagawanyika vipande vipande na kukimbia.

Bidhaa iliyowapa sifa ilikuwa kaptula. Wakati ule mpanda mawimbi alivaa kaptula yoyote ya kuogelea, ambayo ililowa ikawa nzito, ikamchubua mapajani, na wimbi lilipompiga sawasawa ilimvuka ikabaki baharini. Green na wenzake waliitazama shida hiyo kwa macho ya watu waliokuwa nayo wenyewe. Waliikata kaptula upya. Kiuno kilipandishwa nyuma na kushushwa mbele, ili mtu aliyelala kifudifudi juu ya ubao akipiga maji kwa mikono asiachwe mgongo wazi. Mahali pa vifungo vya kushonwa walitia vya chuma vya kubana, pamoja na utepe wa kunatana. Kitambaa walichagua kile kinachokauka upesi. Fundi cherehani wa mjini, hata awe hodari kiasi gani, asingeyafikiri mambo hayo akiwa ameketi kivulini dukani mwake. Askari yeyote aliyewahi kupewa viatu vilivyobuniwa na mtu asiyetembea anaelewa nisemalo.

Nembo ilifuata mwaka 1973: wimbi lenye povu, na nyuma yake mlima wenye theluji. Waliitoa katika mchoro maarufu wa Hokusai, msanii wa Japani wa karne ya 19, aliyechora wimbi kubwa la Kanagawa likiuzidi mlima Fuji. Alama hiyo haikuhitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kuwa chini ya wimbi.

Baada ya miaka michache sifa ya kaptula hizo ilivuka bahari. Jeff Hakman, mpanda mawimbi mashuhuri kutoka Hawaii, alishinda mashindano ya Pasaka ya Bells mwaka 1976, naye akawa mtu wa kwanza asiyekuwa Mwaustralia kuyashinda. Lakini alilokuwa akilitaka hasa ni ruhusa ya kutengeneza na kuuza Quiksilver nchini Marekani. Yasimuliwa kwamba walipokuwa mezani kwa chakula cha usiku, Green akitaka kuona ushahidi wa nia yake, Hakman alikitafuna kitambaa cha karatasi kilichopambia meza, akakimeza. Leseni akaipata. Aliungana na Bob McKnight, kijana aliyekuwa amesomea biashara California, wakaanza kazi huko. Mwaka 1984 leseni nyingine ilizaa kampuni ya Ulaya katika mji wa Saint-Jean-de-Luz, pwani ya Ufaransa karibu na mpaka wa Hispania.

Leseni hiyo ya kwanza naomba msomaji aiweke moyoni, maana neno hilo hilo litarudi katika habari hii likiwa na maana nyingine kabisa. Mwaka 1976 leseni ilikuwa ahadi baina ya watu waliokuwa wakioga maji mamoja. Aliyepewa jina ndiye aliyeivaa kaptula asubuhi na kuiuza mchana, na mshono ukifumuka, yeye ndiye wa kwanza kubaki uchi mbele ya wenzake. Hapakuhitajika mkaguzi.

Mwaka 1986 kampuni ya Marekani iliingia katika soko la hisa, nayo ilikuwa ya kwanza miongoni mwa kampuni za mchezo huo kufanya hivyo. Tangu siku hiyo ikawa na mabwana wawili. Mmoja ni wimbi, ambalo huja lipendapo; wa pili ni mwenye hisa, ambaye hutaka kuonyeshwa hesabu kila baada ya miezi mitatu, na kila mara hesabu hiyo sharti iwe kubwa kuliko ya mwaka uliopita. Kwa muda mrefu mabwana hao walipatana. Kampuni ya Marekani iliinunua ile ya Ulaya mwaka 1991. Mwaka 1998 hisa zake zikahamia katika soko kuu la New York. Mwaka 2000 ikazinunua kutoka Australia haki zenyewe za jina, ikawa mtoto amemnunua mzazi.

Siri ya mapatano hayo ni kwamba wateja wengi hawakuwa wapanda mawimbi hata kidogo. Pwani zenye mawimbi mazuri duniani ni chache, na watu wanaoweza kuyapanda ni wachache zaidi. Fulana zenye wimbi na mlima zilinunuliwa na kijana anayeishi mbali na bahari, ambaye alitaka kukaa karibu na ushujaa wa watu wengine. Biashara ya namna hiyo husimama kwa nguzo moja tu: lazima ushujaa wenyewe uwepo kweli mahali fulani, na lazima ionekane kwamba kampuni inauheshimu.

Quiksilver iliuheshimu kwa njia ambayo bado inanistaajabisha. Huko Hawaii palikuwa na mlinzi wa pwani aliyeitwa Eddie Aikau, wa kwanza kuwekwa katika ghuba ya Waimea, ambaye aliwaokoa watu wengi majini. Mwezi wa Machi mwaka 1978 mtumbwi wa matanga wa muundo wa kale uitwao Hokule'a ulipinduka ukiwa safarini, naye akachukua ubao wake kwenda kutafuta msaada kwa ajili ya wenzake. Wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana tena. Katika miaka ya 1980 Quiksilver iliweka mashindano ya kumkumbuka, kwa sharti kwamba yasifanyike mpaka mawimbi ya Waimea yafikie kimo cha kutisha. Bahari isipotimiza sharti hilo, mwaka unapita bure. Tangu hapo hadi mwaka 2016, chini ya jina la Quiksilver, mashindano yalifanyika mara tisa tu. Kila mwaka wapanda mawimbi mashuhuri walialikwa, siku zikahesabiwa, na aghalabu wakarudi nyumbani bila kushindana. Mimi ambaye kazi yangu ni kulieleza jeshi kwa wananchi na kulinda jina lake, nakiri kwamba sijaona tangazo bora kuliko hilo la kampuni iliyokuwa tayari kukaa kimya miaka mitano ikingoja wimbi linalomstahili marehemu.

Hatua nyingine ya busara ilikuwa kwa upande wa wanawake. Miaka mingi kampuni hizi ziliwashonea wanaume, na msichana aliyependa mawimbi aliazima kaptula ya kaka yake. Mwaka 1990 Quiksilver ilianzisha jina la Roxy kwa mavazi ya kike ya kuogelea. Lisa Andersen, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia mara nne mfululizo kuanzia 1994 hadi 1997, ndiye aliyekuwa uso wa jina hilo, na kaptula za wanawake zilitengenezwa kwa vipimo vya wanawake. Nusu ya wateja ilikuwa imeachwa nje ya lango, nao walipofunguliwa waliingia kwa wingi.

Ubao wa magurudumu nao ulikuwa ndugu wa damu. Katika miaka ya 1950 wapanda mawimbi wa California, siku bahari ilipotulia, walipigilia magurudumu chini ya kipande cha ubao wakateleza mitaani. Magurudumu ya kwanza yalikuwa magumu, yakikutana na kokoto yakasimama ghafla na mpandaji akaendelea na safari peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalipatikana magurudumu laini ya plastiki yenye kushika lami, na ukame wa 1976 na 1977 ulipoyaacha mabwawa ya kuogelea ya matajiri bila maji, vijana waliyavamia na kuyapanda kuta zake kama mawimbi ya saruji. Mchezo huo haukuhitaji bahari. Kwa hiyo Quiksilver ilipoinunua DC Shoes mwaka 2004, kampuni ya viatu vya wateleza mitaani iliyoanzishwa California mwaka 1994, haikuwa imetoka nje ya ukoo.

Hadi hapo mtu angeweza kuuchora ukuaji wake kwa mstari mmoja usiokatika. Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike.

Tulipokuwa chuo cha maafisa kadeti, mwalimu wetu wa ugavi alikuwa na desturi ya kuchora ubaoni mshale mrefu wa mashambulizi, kisha akamgeukia mmoja wetu aliyefurahia mshale huo na kumwuliza: maji ya kunywa yatafika saa ngapi? Tulimcheka, tukidhani kwamba mzee anapenda maji kuliko ushindi. Mwaka 2005 wakuu wa Quiksilver walichora mshale kutoka baharini hadi milimani. Waliinunua Rossignol, kampuni kongwe ya Ufaransa iliyoanzishwa mwaka 1907, mtengenezaji wa mbao za kutelezea juu ya theluji, kwa mamia ya milioni ya dola na kwa mzigo mkubwa wa madeni. Ndani ya mfuko huo ilikuwamo hata kampuni ya vifaa vya gofu. Nembo yenyewe, wakasema watu, ina wimbi na ina mlima; basi na tuumiliki mlima. Ni hoja nzuri kwa mchoraji. Kwa mhasibu ni hoja mbovu. Fulana hushonwa katika kiwanda cha mtu mwingine, ikiuzwa unaagiza nyingine. Mbao za theluji huhitaji kiwanda chako mwenyewe, mafundi wa maisha, mashine, na fedha inayolala ghalani ikingoja majira ya baridi.

Mwaka 2006 mauzo ya mwaka yalipita dola bilioni 2, na waliotazama hesabu hiyo peke yake walishangilia. Majira ya baridi ya 2006 kuamkia 2007 yakawa ya joto lisilo la kawaida huko Ulaya, na theluji katika milima ya Alpi ikawa haba. Gofu iliuzwa mwaka 2007. Rossignol yenyewe iliwekwa sokoni, na ilipopata mnunuzi mwaka 2008 walikubaliana kwanza bei ya Euro milioni 100. Kisha dhoruba ya fedha ya mwaka huo ikavuma, na mwezi wa Novemba ilikwenda kwa Euro milioni 40. Mlima ulirudishwa kwa wenye milima. Deni halikurudishwa kwa mtu, lilibaki Quiksilver. Mwaka 2009 kampuni ilikopa tena dola milioni 150 kutoka kwa Rhône Capital ili iweze kupumua.

Wapo wachunguzi wanaosema kwamba vijana walichoka tu na mtindo, kama wanavyochoka na nyimbo. Siyakatai maneno hayo yote, lakini hayatoshi. Wakati kampuni imepeleka macho na fedha milimani, adui alikuwa ameingia nyuma ya mistari yake. Mwaka 2000 kampuni ya Abercrombie & Fitch ilianzisha maduka ya Hollister, yaliyopambwa kama kibanda cha wapanda mawimbi wa California, pamoja na hadithi ya mwanzilishi wa mwaka 1922 ambaye hakupata kuwako duniani. Hakuna wimbi hata moja lililopandwa ili duka hilo lipatikane. Hata hivyo maelfu ya vijana waliingia na kununua. Wakati huo fulana za Quiksilver nazo zilikuwa zimetundikwa katika maduka makubwa ya kila namna, kando ya zile za kubuni, na mteja aliyesimama kati ya rafu mbili hakuona tofauti ila ya bei. Nguzo niliyoitaja ilikuwa imeliwa na mchwa: ushujaa ulikuwapo bado, lakini hakuna aliyeuhitaji ili kuuza fulana.

Pigo lililoonekana na wote lilikuja mwezi wa Aprili mwaka 2014. Kelly Slater wa Florida, bingwa wa dunia mara kumi na moja, ambaye hakuna aliyepata kumfikia katika mchezo huo, alikuwa na Quiksilver tangu 1990. Aliondoka akaanzisha jina lake mwenyewe la mavazi. Jeshi huweza kustahimili kupotewa na ngome. Ni vigumu zaidi kustahimili siku ambapo mshika bendera anaikabidhi bendera kwa adabu, anapiga saluti, na kwenda zake.

Tarehe 9 Septemba mwaka 2015 Quiksilver iliomba ulinzi wa mahakama nchini Marekani, ikionyesha mali ya dola milioni 337 na madeni ya dola milioni 826. Hisa zake ziliondolewa katika soko la New York. Wadai wakuu, Oaktree Capital, walibadilisha madeni yao kuwa umiliki, na mwanzoni mwa 2016 kampuni ilitoka mahakamani ikiwa mali yao. Mwaka 2017 ilipewa jina la Boardriders, maana yake wapanda mbao. Jina hilo lilichaguliwa wakati ambapo aliyeishika hatamu hakuwa tena mpanda mbao bali mfuko wa fedha.

Jirani yao Billabong, iliyoanzishwa na Gordon na Rena Merchant katika Gold Coast ya Australia mwaka 1973, ilipita njia ile ile kwa viatu vyake yenyewe. Iliingia soko la hisa mwaka 2000, ikanunua maduka na majina mengi kwa mikopo, na mwaka 2012 ikaletewa posa ya dola 3 za Australia kwa kila hisa. Ikaikataa, kwa kuona kwamba inadharauliwa. Mwaka 2018 ilinunuliwa na Boardriders kwa dola 1 ya Australia kwa hisa, na hisa hiyo moja ilikuwa imekwisha kuunganishwa kutoka hisa tano za zamani. Msomaji anaweza kufanya hesabu mwenyewe.

Mwezi wa Januari mwaka huo huo wa 2018 mkuu wa Boardriders, Pierre Agnes, Mfaransa aliyekulia katika mchezo wenyewe na kupanda ngazi ndani ya kampuni, alitoka alfajiri na mashua yake katika pwani ya kusini-magharibi ya Ufaransa. Mashua ililetwa ufukoni na mawimbi ikiwa tupu. Alikuwa mmoja wa wakuu wa mwisho wa kampuni hiyo ambao bahari ilikuwa yao kabla haijawa biashara yao.

Mwaka 2023 Oaktree waliiuza Boardriders kwa Authentic Brands Group, na hapa ndipo neno leseni linaporudi. Authentic haina cherehani. Kazi yake ni kumiliki majina na kuyakodisha: huyu anakodi haki ya kutengeneza fulana za Quiksilver Marekani, yule anakodi viatu, mwingine anakodi nchi fulani, na kila mmoja analipa sehemu ya mauzo, aghalabu pamoja na kiwango cha chini ambacho hulipwa hata kama mauzo hayakufika. Mauzo yakianguka, hasara ni ya mpangaji. Mwenye jina hupokea, kisha hutafuta mpangaji mwingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa Liberated Brands. Mikono yote inayogusa nguo, tangu anayekata kitambaa hadi anayeikunja dukani, iko upande wa hatari. Upande wa usalama umebaki na karatasi inayothibitisha nani ana haki ya kuchora lile wimbi na ule mlima. Hakman alipopewa leseni alikuwa akipewa sehemu ya kazi. Mpangaji wa leo hupewa sehemu ya deni.

Sitaki kuwaonea wenye Authentic. Pasipo mnunuzi wa namna hiyo huenda majina hayo yangekwisha kabisa, na watengenezaji wengine wengi wa mavazi wameishia mikononi mwa kampuni za jinsi hiyo hiyo: Volcom, iliyoanzishwa California mwaka 1991, ilikuwa ya Wafaransa wa Kering kabla ya kuuzwa kwa Authentic mwaka 2019; Hurley iliachwa na Nike mwaka huo huo ikaenda kwa kampuni nyingine ya kumiliki majina. Ni utaratibu mzima, si hila ya mtu mmoja. Lakini utaratibu nao una waathirika, na waathirika wake hawaishi New York peke yake.

Msomaji wa Kampala au Kigali atauliza, na ana haki ya kuuliza, mawimbi ya Torquay yanatuhusu nini sisi tulio na maziwa. Yanatuhusu kwa njia ya marobota. Fulana hizo zilizouzwa kwa mamilioni ili kutimiza hesabu za miezi mitatu hazikuozea makabatini. Zilipochakaa kidogo, au zilipochosha tu, nyingi ziliingia katika biashara ya mitumba, nayo ndiyo inayowavika wananchi wetu wengi. Mwezi wa Machi mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019, ili viwanda vyetu vya nguo vipate nafasi. Rwanda ilipandisha ushuru wake kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, na nchi zetu zikaonywa kwamba zaweza kunyimwa nafuu ya kuuza bidhaa huko bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zililegeza msimamo. Rwanda haikulegeza, na mwezi wa Julai mwaka 2018 nafuu hiyo ilisimamishwa kwa nguo zake.

Hebu tuyaweke mambo hayo mawili kando kwa kando. Fundi wa Jinja akishona fulana kwa pamba ya Uganda na kuichapa wimbi na mlima, anajitia katika hatari ya kushtakiwa na mwenye jina, maana jina lina mawakili. Nguo iliyokwisha kuvaliwa, yenye wimbi hilo hilo, hufika katika robota kwa bei ambayo fundi huyo hawezi kuifikia hata akifanya kazi usiku na mchana. Nayo inatetewa na serikali ya nchi kubwa. Mwisho wa yote fundi amefungiwa milango miwili. Wale wafanyakazi 1,400 wa Marekani walifungiwa mmoja.

Wiki chache baada ya habari ya Februari 2025 nilipita katika soko la Owino, mjini Kampala, nikaiona fulana ya rangi ya samawati iliyopauka, nembo ile kifuani. Nilimwuliza muuzaji kama analijua jina hilo. Alinitazama kidogo.

"Afande, hiyo ni picha ya maji," akasema.

Nikamwuliza kama picha hiyo inaongeza bei. Hakunijibu upesi. Aliigeuza fulana ndani nje, akavuta mshono wa bega kwa vidole gumba viwili, akatazama kwapa, akainusa, akaipeleka kwenye mwanga kuona kama kitambaa kimetoboka. Mkewe, aliyekuwa ameketi juu ya robota ambalo halijafunguliwa, alisema kwamba ukosi bado ni mzima. Kisha akaikunja na kuitupa katika fungu la shilingi elfu tano.